Daftari la Nusura: shajara ya kubadili mazoea kwenye dirisha la dawa

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo mchana mwenzetu alikuwa anamkabidhi mama mmoja dawa zake. Boksi lilishatoka rafuni, vidonge vimehesabiwa, bahasha imeandikwa, na mimi mwenyewe nimepitisha jicho na kutia saini. Kabla ya kuisukuma bahasha upande wa pili wa kioo akamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu: "Mama, daktari amekuambia hii ni ya nini?"

"Ya kuwashwa, mwanangu. Usiku silali."

Mwenzetu akaitazama bahasha. Hydralazine. Dawa ya presha. Cheti cha daktari kinasema hydroxyzine, ya kuwashwa.

Nusura. Mtu mwenye ngozi inayowasha angeondoka na dawa ya kushusha presha, na usiku ambao angekuwa anajikuna angekuwa pia anapepesuka akienda msalani. (Majina ya dawa nitayaacha humu kama yalivyo kwenye boksi, kwa sababu shida yenyewe imo kwenye herufi.)

Neno la kwanza lililonitoka, naliandika ili lisisahaulike, lilikuwa "Nani kachukua hili boksi?" Kisha nikaenda rafuni. Maboksi mawili yamekaa bega kwa bega, yamepangwa kwa alfabeti, na aliyeyapanga ni mimi. Aliyechukua aliona "hydr", akaona urefu wa neno, akanyoosha mkono. Mimi niliyekagua niliona kilekile. Watu wawili tumesoma, na wote wawili tumeona tulichotarajia kuona.

Tumekubaliana wiki kumi na mbili. Tuko sita, zamu mbili. Kazi ya kuandika shajara ni yangu.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kabla ya kubadili chochote tujue tulipo. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kuchunguza matumizi ya dawa vituoni, na kwenye sehemu ya huduma kwa mgonjwa una vipimo vitano: muda wa mgonjwa kuonana na tabibu, muda wa kukabidhiwa dawa, dawa ngapi kati ya alizoandikiwa amezipata kweli, lebo ngapi zimekamilika, na kama mgonjwa anaijua dozi yake. Cha kwanza si chetu. Vinne vilivyobaki vinapimika kwa saa ya mkononi na karatasi.

Nikasimama pembeni na saa. Asilimia sitaziandika humu. Kwanza kila mtu aliongeza adabu aliponiona na saa, pili siku mbili za kituo kimoja hazitoshi kumwambia mtu mwingine chochote. Ila niseme hili: muda wa kumkabidhi mgonjwa dawa kwetu hausemwi kwa dakika, unasemwa kwa sekunde.

Lebo ndiyo iliyoniumiza. Mwongozo unataka angalau jina la mgonjwa, jina la dawa na namna ya kuitumia. Bahasha zetu nyingi zilikuwa na "1x3" na "5/7", basi. Sisi tunajua ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Nikamfuata kijana mmoja nje ya mlango, nikamwomba anisomee bahasha yake. "Vidonge vitatu, mara moja," akasema. Na hiyo 5/7? Akafikiri ni tarehe.

Kuanzia kesho tunaandika kwa maneno: kidonge 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku, kwa siku 5. Mmoja wetu amelalamika kwamba itachosha mkono. Kweli itachosha.

Wiki ya 2, Jumanne

Rafu. Tumeshinda humo.

Tulianza na yale yanayofanana kwa jina: hydralazine na hydroxyzine, carbamazepine (ya kifafa) na carbimazole (ya tezi ya shingo), chlorpromazine na chlorpropamide, prednisolone na propranolol. Hili la mwisho lilinishtua kwa sababu ukiyasoma polepole hayafanani sana. Lakini cheti hakisomwi polepole, na mwandiko ukikimbia hubaki herufi ya mwanzo, mawimbi, na mkia.

Si jambo la vituo vyetu peke yake. Nchini Marekani omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, iliingia sokoni kwa jina la Losec, ikawa inachanganywa na Lasix, dawa ya kukojoza maji mwilini. Mwaka 1990 jina likabadilishwa kuwa Prilosec. Mwenye dawa ile alikubali kubadili jina badala ya kuwaambia wafamasia wote wa nchi wawe makini zaidi. Nimeisimulia hadithi hiyo kazini mara tatu sasa, nadhani wamenichoka.

Sisi hatuwezi kubadili jina la dawa, lakini tunaweza kubadili inapokaa. Kila jozi tumeitenganisha, rafu mbili tofauti, na pale ambapo ndugu yake angekuwepo tumeweka kadi inayoelekeza aliko. Kwenye kadi za mbele ya rafu tumekuza herufi zinazotofautisha: hydrALAZINE, hydrOXYzine; carBAMazepine, carBIMazole. Macho yanakwenda moja kwa moja kwenye herufi kubwa, hayana budi.

Kisha yanayofanana kwa sura. Hili ni gumu zaidi. Kiwanda kimoja hutengeneza dawa zake zote kwenye boksi jeupe lenye mstari wa bluu, na amlodipine (ya presha) ya miligramu 5 hutofautiana na ya 10 kwa tarakimu moja tu pembeni. Tumeziweka mbalimbali kidogo, si sana, nafasi haikutosha. Nitalirudia.

Wiki ya 2, Ijumaa

Zamu ya jioni wamekasirika. Wanasema mkono ulikuwa unaijua rafu, sasa haujui, na foleni inasubiri. Nikawaambia mkono kuijua rafu ndiko kulikotufikisha hapa. Walinyamaza, lakini sidhani walikubali. Nami sikuwa na haki ya kupanga upya rafu ya watu wa jioni bila watu wa jioni. Kosa langu hilo.

Jambo dogo tulilogundua tukihamisha maboksi: vipande vya vidonge vya kubonyeza visivyo na tarehe. Mtu akikata vidonge vinne anakata upande uliomkaribia, na mara nyingi ndio upande uliopigwa tarehe ya kuisha na namba ya toleo. Kinachobaki kwenye boksi ni yatima. Tangu leo tunaanza kukata upande usio na tarehe, ile yenye tarehe inatoka mwisho. Na kile kinachowahi kuisha muda ndicho kinachokaa mbele, hata kama kimeingia stoo jana. Wengi tulikuwa tunatanguliza kilichotangulia kuingia, tukidhani ni kitu kilekile.

Wiki ya 3

Meza ya kuhesabia.

Tulichokuwa tunafanya: vyeti vitatu vinne juu ya meza kwa wakati mmoja, dawa zimepangwa mbele ya kila cheti, mtu anahesabu huku anasikiliza simu. Hatari haikuwa tu kuchukua dawa siyo rafuni. Dawa sahihi ilikuwa inaweza kabisa kuhama ikaangukia kwa mgonjwa wa jirani.

Sasa kila mgonjwa ana kikapu chake. Cheti kinaingia kwanza, dawa zinakifuata, na hakuna kinachotoka kikapuni mpaka dirishani.

Kusoma lebo mara tatu wote tulifundishwa chuoni: unapotoa rafuni, unapohesabu, unaporudisha boksi. Wote tulikuwa tunasoma mara moja. Tumejaribu kuifanya ya tatu iwe kwa sauti, kwa kunong'ona tu: jina, nguvu, umbo. Umbo nalo ni la kusomwa. Diclofenac ya kawaida na ile inayoachia dawa taratibu hazimezwi kwa mpango mmoja.

Trei na kijiko bapa: hakuna kushika vidonge kwa mkono, kuhesabu ni kwa tano tano, na trei inafutwa baada ya kila dawa inayoacha unga. Kwa penisilini si suala la usafi wa kupendeza macho. Mtu mwenye mzio mkali hahitaji kidonge kizima ili aumwe, na vumbi lililobaki kwenye trei linaondoka na dawa ya mtu mwingine. Methotrexate na ndugu zake, dawa zenye sumu kwa chembe za mwili, tumezitengea trei yao yenye rangi tofauti, haichangiwi.

Gumu kuliko yote hapa limekuwa kukatizwa. Kanuni: anayehesabu hasemeshwi, na akisemeshwa akajibu, anamwaga trei na kuanza upya. Siku ya kwanza nilimwona mtu amefika sitini na tano kati ya tisini, simu ikaita, akajibu, akarudi, akaendelea na sitini na sita. "Una uhakika?" nikamuuliza. "Nakumbuka," akasema. Tukahesabu pamoja. Zilikuwa sabini. Hakuna aliyecheka, hata mimi nilikuwa nimeamini.

Wiki ya 4

Wawili wagonjwa, mmoja likizo. Foleni mpaka nje. Kufikia saa nne asubuhi mazoea yote mapya yalikuwa yameshakufa, na sikuwa na uso wa kumlaumu mtu kwa sababu nilikuwa dirishani nikiandika "1x3".

Sikuandika kitu mpaka Jumamosi.

Wiki ya 4, Jumamosi

Nimewauliza walioshinda Jumatano nzima: katika saa ile mbaya kabisa, ni kipi mlichoendelea kufanya? Wote wakasema kikapu. Kwa nini? Kwa sababu meza ilishajaa vikapu na hapakuwa na mahali pengine pa kuweka dawa. Mmoja akaongeza kadi za herufi kubwa: "Zile sizifanyi mimi, zipo tu."

Basi nimepata nilichokuwa sikioni. Lolote lililohitaji mtu akumbuke lilikufa, na lililokuwa limeshapangwa mezani likaishi. Ukutani tulikuwa tumebandika mambo kumi na manne. Nimeyatoa yote nikabakiza manne: kikapu kimoja mgonjwa mmoja, soma lebo mara tatu, ukikatizwa anza upya, na lile swali la siku ya kwanza, "Umeambiwa hii ni ya nini?" Hilo la nne nimeliandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika kwenye kioo, upande wetu, pale pale mkono unapopita kukabidhi bahasha.

Wiki ya 5

Daftari la Nusura limewekwa mezani tangu wiki ya pili. Kila kosa lililonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa liandikwe: nini kilitokea, saa ngapi, nani au nini kilinasa. Hadi leo asubuhi lilikuwa jeupe. Wiki tatu bila nusura hata moja! Au sisi ni malaika, au tunaogopana.

Nikaandika ya kwangu. Mgonjwa wa viungo, methotrexate, vidonge vya miligramu 2.5. Kwa ugonjwa huo dawa hii ni mara moja kwa wiki. Nilikuwa nimeshaandika "vidonge 4 kila..." na kalamu ikaelekea "siku", kwa sababu hapo kabla nilikuwa nimeandika "kila siku" kwenye bahasha kumi mfululizo. Nilinaswa na mfamasia mwenzangu aliyekuwa ananisubiri kalamu. Ameniomba niandike hivyo hivyo, kwamba alikuwa anasubiri kalamu tu. Methotrexate ikinywewa kila siku badala ya kila wiki huua uboho, vidonda vinajaa mdomoni, na watu wamekufa kwa kosa hilo hilo katika nchi nyingi. Sasa lebo yake kwetu inabeba jina la siku: "Kila JUMATATU tu", na mgonjwa ndiye anayechagua siku.

Nikaacha daftari wazi kwenye ukurasa huo nikaenda kunywa maji. Kufikia jioni kulikuwa na maandishi mengine mawili, moja kwa mwandiko wa zamu ya jioni.

Hatuandiki majina. Mwandiko tunaujua wote, lakini tunajifanya hatuujui.

Wiki ya 6

Daftari linajaa. Nilidhani litakuwa na majina yanayofanana kwa wingi. Kinachojirudia zaidi ni nguvu ya dawa na vipimo vya dawa za maji za watoto.

Sifuri kwanza. "1.0" nukta ikififia ni kumi. ".5" nukta ikipotea ni tano. Kwetu tumepatana: sifuri haiwekwi nyuma ya namba nzima, na haikosekani mbele ya nukta. Kwa hiyo 1, na 0.5. Mikrogramu inaandikwa neno zima, maana ile alama yake ya Kigiriki kwa kalamu ya haraka inageuka kuwa m, na dozi imezidishwa mara elfu. Yuniti za insulini vivyo hivyo: herufi U iliyobanwa na tarakimu husomeka sifuri, yuniti 4 zikawa 40.

Watoto. Paracetamol kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 8 akipewa 15 ni miligramu 120. Chupa yenye 120 katika mililita 5, anakunywa mililita 5, hesabu imekaa vizuri. Sasa chupa zile zikiisha, ikaletwa yenye 250 katika mililita 5, na mtoa dawa aliyezoea kusema "kijiko kimoja" akaendelea kusema "kijiko kimoja". Mtoto yule yule amepata zaidi ya mara mbili. Mara mbili wiki hii imenaswa, zote na mtu wa pili aliyefanya hesabu yake bila kuangalia ya mwenzake. Ukiangalia ya mwenzako kwanza, utaikubali. Tumeijaribu kwa makusudi tukaona jinsi inavyokuwa rahisi kuikubali.

Na hicho "kijiko" kife kabisa. Vijiko vya nyumbani havina kipimo kimoja. Tunatoa sirinji isiyo na sindano au kikombe chenye mistari, na tunachora mstari kwa kalamu pale dozi inapofika.

Dawa ya unga ya kuchanganya, kwa mfano amoxicillin ya watoto: tulikuwa tunampa mzazi chupa kavu na maelezo. Sasa tunachanganya hapa hapa. Gonga chupa unga uachane na kitako, tia maji safi yaliyochemshwa na kupoa karibu nusu ya kiasi, tikisa, kisha ongeza mpaka alama. Ukijaza yote kwa mpigo unga hujishika madonge, povu linapanda, unadhani umefika kwenye alama kumbe bado. Juu ya chupa tunaandika tarehe iliyochanganywa na tarehe ya kumwagwa, siku 7 au 14 kutegemea kiwanda kinavyosema. "Mpaka iishe" tumelifuta.

Jambo jingine la wiki hii. Kijana wetu alipiga simu kwa mwandikaji, yaani tabibu aliyeandika cheti, kuuliza cheti kisichosomeka. Alifokewa. Akaweka simu, akaja kwangu, mikono inatetemeka: "Bosi, nikisie tu?" Nikapiga tena mwenyewe. Mwandikaji akatoa jibu kwa ukali ule ule, nikamsomea alichosema neno kwa neno, akanyamaza kidogo, akabadilisha nguvu ya dawa. Nimemwambia kijana kwamba kufokewa ni sehemu ya kazi na kukisia si sehemu ya kazi. Sijui kama ilimsaidia. Tumemwandikia maneno ya kuanzia: jina lako, jina la mgonjwa, dawa, unachoona, unachodhani, kisha nyamaza usikilize. Ukishajibiwa, mrudishie alichosema.

Wiki ya 7

Dirishani. Nimeukataza msemo "Umeelewa?" Kila mtu anajibu ndiyo, hata asiyesikia. Badala yake: "Hebu nieleze utakavyoitumia ukifika nyumbani, nione kama nimeeleza vizuri." Mzigo uwe wetu, mgonjwa asijione yuko mtihanini.

Na jina. Tusimwambie mtu "Wewe ndiye fulani?" Aliyechoka kusubiri ataitikia jina lolote. Tunauliza "Jina lako kamili?" na umri au tarehe ya kuzaliwa, kisha tunalinganisha na cheti.

Alhamisi alikuja mzee mmoja na furosemide yetu. Mtoa dawa akamwomba aeleze. "Hii asubuhi," akasema mzee, "pamoja na ile nyingine."

"Ile ipi, mzee wangu?"

Akatoa mfukoni Lasix aliyopewa alipotoka wodini. Dawa ile ile, jina la kiwandani. Alikuwa ameanza kushangaa miguu inavyobana misuli na kizunguzungu kila akisimama. Angeongeza na hii yetu, angekuwa na dozi mbili za kumkausha maji na kumshusha potasiamu.

Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake ya Dawa Bila Madhara mwaka 2017 lilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa kwanza: hali zenye hatari kubwa, wagonjwa wenye dawa nyingi kwa pamoja, na pale mgonjwa anapohama kutoka huduma moja kwenda nyingine. Nilikuwa nayasoma kama maneno ya mkutanoni. Mzee huyu alikuwa na mawili katika mfuko wa shati.

Swali jipya kwa kila anayetumia dawa za kudumu: "Una dawa nyingine nyumbani? Njoo nazo." Wanakuja na mifuko. Tumepata paracetamol tatu za majina matatu kwenye mfuko mmoja.

Kuna la faragha pia. Meza yetu ina dirisha moja na foleni imesimama shingoni mwa mgonjwa. Tumebandika mstari sakafuni, hatua mbili nyuma. Watu wanauheshimu nusu ya muda. Kwa dawa nyeti tunamwita mtu pembeni, na kwa dawa zisizo nyeti pia tunawaita baadhi pembeni, ili kuitwa pembeni kusiwe kumtangaza mtu.

Wiki ya 8

Friji. Sikulitarajia hili.

Fomu ya joto inajazwa mara mbili kwa siku, na inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nilifungua faili la mwezi uliopita nikakuta 5, 5, 5, 5, mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko usiopumua. Mtu ameijaza yote kwa mkao mmoja. Mtu huyo nilimpitisha mimi, saini yangu iko chini.

Tuliweka kipimajoto kingine kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini. Asubuhi kilionyesha kwamba usiku sehemu ya nyuma, karibu na bamba la barafu, ilishuka chini ya sifuri. Hapo ndipo insulini ilipokuwa imekaa. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Haitamfanyia mgonjwa kazi inayotakiwa, na kwa macho huwezi kujua. Zote za sehemu ile tumezitoa na kuziandikia taarifa ya kuharibiwa. Ilikuwa siku chungu.

Sikuuliza nani. Niliuliza kwa nini, na jibu lilikuwa la aibu kwangu: fomu ilikuwa inatundikwa ofisini kwangu, mlango ukifungwa hawaifikii. Sasa imening'inia kwenye mpini wa friji pamoja na kalamu iliyofungwa kamba. Insulini imehamia rafu ya katikati. Mlangoni hakuna dawa, na chakula cha mtu yeyote hakiingii humo.

Wiki ya 9

Kuhesabu stoo. Hakuna la kuandika.

Wiki ya 10

Nimesimama tena na saa, safari hii wakinisahau haraka zaidi. Muda wa kumkabidhi mgonjwa umeongezeka, unaonekana bila hesabu yoyote. Bahasha zenye maneno kamili ni nyingi kuliko zenye alama. Nje ya mlango, wanaoeleza dozi zao sawasawa ni wengi kuliko wiki ya kwanza. Ila foleni nayo imerefuka, na malalamiko yameletwa kwa maandishi. Haki yao.

Tumepunguza kwa kufungasha mapema dawa zinazotoka sana, asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa: dozi kamili, lebo tayari isipokuwa jina la mgonjwa. Naipenda na inanitisha. Ukikosea kwenye kifurushi kimoja umekosea kwenye hamsini. Kwa hiyo dawa moja tu mezani kwa wakati mmoja, lebo zinahesabiwa kabla na baada, na lebo zikibaki moja hakuna kinachokwenda rafuni mpaka ijulikane kwa nini. Jumanne ilibaki moja. Tulifungua vyote. Kifurushi kimoja hakikuwa na lebo, basi. Dakika arobaini zimekwenda, na zamu ya jioni ndiyo iliyosisitiza vifunguliwe. Mimi nilikuwa tayari kuliacha.

Wiki ya 11, Jumatano

Limetoka moja.

Mwenzetu, yule wa kwanza kabisa aliyeuliza lile swali la kuwashwa, alikuja ofisini saa kumi jioni akafunga mlango. Alikuwa anarudisha maboksi rafuni akanong'ona lebo ile ya tatu, na alilonong'ona halikuwa alilotoa. Amlodipine ya 10 badala ya 5. Mgonjwa ameshaondoka saa mbili zilizopita.

"Nimeshampigia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Hajanywa bado, anakunywa usiku. Mwanawe anairudisha sasa hivi. Nimemwambia ukweli kwamba kosa ni letu. Daktari wake nimemwachia ujumbe."

Nikamwuliza kwa nini hakuanza kwangu. Akanitazama. "Bosi, mgonjwa ndiye mwenye dawa mkononi."

Swali la "hii ni ya nini" lisingeweza kulinasa hili. Dawa ilikuwa sahihi, ya presha, na mgonjwa alijibu vizuri kabisa. Katika wiki kumi na moja sikuwahi kufikiria hivyo. Tulikuwa tumeanza kuliegemea swali lile kama ukuta. Kuanzia leo kinachoonyeshwa mgonjwa dirishani ni boksi pamoja na bahasha, na kwa dawa za kudumu anaulizwa: "Zinafanana na ulizokuwa unatumia?"

Aliandika mwenyewe kwenye daftari. Kichwani mwa ukurasa alifuta neno Nusura, kwa sababu hili halikuwa nusura, limevuka dirisha. Aliacha nafasi tupu. Hatujapata jina la kuweka hapo.

Wiki ya 12

Kwa Jumatatu: amlodipine 5 ibaki, 10 ihamie rafu ya chini upande wa pili, nafasi itapatikana tukiondoa maboksi matupu. Kalamu ya friji imeisha wino. Mstari wa sakafuni umebanduka, ubandikwe upya. Zamu ya jioni wapange rafu ya dawa za macho wenyewe, nami niwe wa kuzoea. Tone la macho likifunguliwa tarehe iandikwe, mwisho wiki nne.

Kijana mpya anaanza saa mbili. Asipewe mwongozo siku ya kwanza. Apewe Daftari la Nusura, akae nalo kwenye kiti cha nyuma, aanze na ukurasa wa methotrexate, ule wenye mwandiko wangu.